Kericho au Bomet? Mambo ya Kufikiri Kabla ya Kuhamisha Jamaa

Wakulima wengi wa skimu siku hizi wanafikiri kuhamia mjini pamoja na jamaa zao. Huyu asema watoto wake wanatembea mwendo mrefu kwenda shule katika matope. Yule asema mama yake ni mzee na mgonjwa, na hospitali iko mbali. Mwingine amewagawia wanawe shamba, na kipande kilichobaki hakimtoshi. Sababu hizo zote ni za kweli, wala hapana awezaye kumcheka mzazi anayewatafutia watoto wake heri.

Lakini kuhama si kama kubadili koti. Koti lisipokufaa utalivua jioni. Ukihamisha jamaa ukakosea, na hasa ukiwa umeuza shamba, hutaweza kurudi ulikotoka.

Katika nchi yetu ya chai miji miwili ndiyo hutajwa sana: Kericho na Bomet. Kila mmoja una sifa zake na taabu zake. Hatukuandika haya ili kukuamulia, maana wewe ndiye unayeijua jamaa yako. Tunataka kukuonyesha maswali ya kujiuliza, wewe na mama watoto, kabla ya kupakia hata godoro moja.

SWALI LA KWANZA: SHAMBA LAKO LIKO WAPI?

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Mji upi ni mzuri?" Hilo si swali la mkulima. Mkulima huanza na shamba, kwa kuwa shamba ndilo litakalolipa kodi ya nyumba ya mjini.

Kumbuka mashamba haya yalivyopatikana. Mpango wa Ekari Milioni ulianza mwaka 1962, na kwa mpango huo mashamba makubwa ya Wazungu yalinunuliwa na kugawanywa. Karibu na Sotik, upande mmoja walipewa Wakipsigis, na upande wa Borabu wakapewa Wagusii. Upande wa Kipkelion na Londiani vilevile zilikuwako skimu. Wazee wetu walikopeshwa fedha, wakalipa kidogo kidogo kwa miaka mingi, kwa maziwa, mahindi na pareto. Baadhi yao hawakumaliza kulipa mpaka walipokufa. Kwa hiyo shamba la skimu si mali iliyookotwa njiani.

Basi kama shamba lako liko Sotik, Ndanai au Konoin, tazama njia. Kutoka Sotik kwenda Bomet ni karibu kuliko kwenda Kericho. Mtu akaaye Bomet aweza kuondoka asubuhi, akatazama ng'ombe wake, akazungumza na mtumishi wake, akarudi kula chakula cha jioni na watoto. Akaaye Kericho naye aweza kupitia Litein na Kaplong, lakini nauli yake ni kubwa zaidi na siku yake itaisha njiani. Hatakwenda mara nyingi. Na shamba lisilotembelewa na mwenyewe hutembelewa na wengine.

Lakini kama shamba lako liko upande wa Kipkelion au Londiani, mambo hugeuka. Kwako wewe Kericho ni karibu, na Bomet ni safari. Usiende Bomet kwa sababu shemeji yako yuko huko na anausifu mji.

MIJI YENYEWE

Kericho ni mji wa zamani. Ulikuwa makao ya Wilaya tangu wakati wa Waingereza, na kampuni kubwa za chai zilianza kupanda chai huko katika miaka ya 1920. Uko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake kwa mwaka ni karibu milimita 2,000, na mara nyingi hunyesha alasiri. Mvua ya mawe ya Kericho yajulikana mbali. Mji uko kwenye barabara kuu ya Nakuru na Kisumu, kwa hiyo magari hupita mchana na usiku, na watu wa makabila mengi hukaa hapo. Mtoto wako atasikia Kiswahili zaidi kuliko Kikipsigis akiwa nje ya mlango.

Bomet ni mji mdogo tena mpya. Hadi mwaka 1992 nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho, ndipo ikawa wilaya ya peke yake. Mwaka 2013, kaunti zilipoanza kazi, Bomet ukawa makao ya kaunti. Tangu hapo ofisi, nyumba za kupanga na maduka vimeongezeka. Mji uko kwenye barabara ya Narok kwenda Kisii, chini kidogo ya Kericho, na mto Nyangores uko karibu. Mvua yake ni pungufu kuliko ya Kericho, na ukizidi kwenda kusini, upande wa Chepalungu, huzidi kupungua.

Kaunti zenyewe hazipitani sana kwa wingi wa watu. Katika hesabu ya mwaka 2019 Kericho ilikuwa na watu 901,777, na Bomet 875,689. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba upande mmoja una nafasi tele, na mwingine umejaa.

HESABU KABLA YA SAFARI

Chukua kalamu na karatasi. Tutafanya hesabu ya mfano tu. Bei zako huenda zikawa nyingine, basi weka zako mahali pa zetu.

Tuseme yuko mkulima mwenye mke, watoto 4, ng'ombe 2 wa maziwa na ekari 1 ya chai. Kila siku huuza lita 10 za maziwa kwa shilingi 45 kila lita. Kwa siku 30 ni shilingi 13,500. Chai yake ni kilo 400 kwa mwezi, na tuseme malipo ya mwezi ni shilingi 22 kwa kilo. Hizo ni shilingi 8,800. Jumla ni shilingi 22,300. Yeye na mkewe hukama na kuchuma wenyewe, hivyo hawamlipi mtu. Maziwa ya chai na ya mursik, mahindi, mboga, viazi na kuni hutoka shambani bila kununuliwa.

Sasa jamaa wote wahamia mjini. Hapana budi kumwajiri mtu wa kukama, shilingi 7,000. Wachumaji wa chai watalipwa shilingi 10 kwa kilo, yaani 4,000. Katika zile 22,300 zimebaki 11,300.

Mjini nyumba ya vyumba viwili ni shilingi 7,000. Chakula kilichokuwa kikitoka shambani sasa kitanunuliwa, tuseme kwa 6,000. Gesi au makaa ni 1,500. Maji na umeme 1,000. Nauli ya kwenda kutazama shamba 2,000. Jumla ni shilingi 17,500.

Toa 17,500 katika 11,300. Haitoki! Mkulima huyu amepungukiwa shilingi 6,200 kila mwezi, kabla hajanunua sare hata moja ya shule. Bonasi ya chai ikija mwisho wa mwaka wa kiwanda, itaikuta imekwisha kuliwa kwa deni la dukani.

Hatusemi asihame. Twasema asihame mpaka ajue hizo 6,200 zitatoka wapi. Kama mke anajua kushona na atapata mteja, vema. Kama mume ni fundi wa kuchomelea vyuma, vema. Lakini "Mungu atasaidia" si hesabu ya kuandika katika daftari.

CHAI NA NG'OMBE HAWANGOJI

Chai huchumwa kila baada ya siku 7 hadi 14, kwa kadiri ya mvua. Huchumwa majani mawili na chipukizi. Ukiiacha wiki tatu, majani hukomaa, na karani wa kituo cha kununulia huyakataa. Mti wa chai ukitunzwa vizuri waweza kuzaa miaka 50 na zaidi. Ukitupwa, hukua kuwa mti wa porini, na kuurudisha ni kukata na kungoja miezi mingi bila mapato.

Ng'ombe naye hukamwa asubuhi na jioni, sikukuu na siku ya kazi. Mtu wa mshahara asiyesimamiwa huchelewa, na ng'ombe aliyechelewa kukamwa hupungua maziwa, na kiwele chaweza kuugua. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua mji, chagua mtu. Ni nani atakayebaki? Kama huna jibu, hujawa tayari kuhama.

Wako watu waliopata njia nzuri: baba hubaki shambani siku za kazi, mama akakaa mjini na watoto wadogo wakati wa masomo, na wote hukutana shambani Jumamosi na wakati wa likizo. Njia hii ina taabu yake, maana nyumba mbili ni meko mawili, na mume na mke wanapotengana siku nyingi hapana budi waaminiane. Lakini shamba huendelea kuishi. Kwa njia hii, tena, mji ulio karibu na shamba ndio ufaao.

SHULE

Wengi huhama kwa sababu ya shule. Fikiri vizuri ni shule ipi unayoifuata.

Tangu mwaka 2023 gredi ya 7, na kisha ya 8 na ya 9, husomwa katika shule za msingi. Maana yake ni kwamba mtoto hukaa nyumbani miaka mingi zaidi kuliko zamani, na shule iliyo karibu na wewe yaweza kumtosha ikiwa ina walimu. Nenda ukaulize: walimu ni wangapi, na wa sayansi yuko? Shule ya mjini yenye watoto 80 katika chumba kimoja si bora kuliko ya skimu yenye watoto 35 na mwalimu hodari.

Kwa shule za juu, kutoka gredi ya 10, watoto hupangiwa na Wizara kwenda shule za mahali pengi, na wengi hulala huko huko. Mtoto wa Bomet huitwa Kabianga au Litein, na wa Kericho huitwa Tenwek au Kaplong. Basi kumhamisha mtoto wa gredi ya 9 ili awe "karibu na shule kubwa" ni kazi bure.

Kama mtoto yuko gredi ya 6 au ya 9, usimhamishe baada ya kuandikishwa kwa mtihani. Ngoja amalize. Hamisha mtoto mwanzo wa mwaka, mwezi wa Januari, na umwombe mwalimu mkuu amhamishe pia katika daftari la kompyuta la Wizara ya Elimu. Mtoto aliyehamishwa kwa miguu tu, jina lake likabaki nyuma, hupata taabu baadaye.

Jambo moja watu wengi husahau: basari. Fedha za basari za kaunti na za eneo la bunge hupewa watu wa mahali hapo. Ukitoka kaunti ya Bomet kwenda ya Kericho, au kinyume chake, waweza kupoteza basari ya upande mmoja kabla ya kujulikana upande wa pili. Uliza ofisini kwa chifu wa pande zote mbili.

Kwa walio na vijana wakubwa, Kericho ina Chuo Kikuu cha Kabianga. Bomet kuna chuo kikuu kishiriki kilichoanza mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Moi.

HOSPITALI

Katika jambo hili Bomet hauko nyuma. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisheni mwaka 1937, iko karibu na mji, na wagonjwa huja kutoka mbali. Hufanya hata upasuaji wa moyo. Iko pia hospitali ya kaunti huko Longisa. Kericho nayo ina hospitali yake kubwa ya kaunti mjini. Katikati ya miji hii kuna hospitali za Litein, Kapkatet na Kaplong.

Kama una mgonjwa wa kila mwezi, kwa mfano wa sukari au wa shinikizo la damu, swali lako si hospitali ipi ni kubwa. Swali ni kliniki ipi ina dawa zake, na ni hatua ngapi kutoka mlango wako. Tena mzee mwenye kifua kibaya asipelekwe haraka penye baridi na mvua ya kila alasiri. Mpeleke kwanza akakae wiki mbili kwa ndugu, mwone anavyopumua.

Popote utakapokwenda, hakikisha jamaa yote imeandikishwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024.

KAZI YA MSHAHARA

Usihamie Kericho ukitegemea kazi ya kuchuma chai katika mashamba ya kampuni. Zamani kazi hiyo ililisha maelfu ya watu. Sasa mashine zinachuma sehemu kubwa, na watu wengi wamepoteza kazi. Mwezi wa Mei mwaka 2023 hasira zilipanda mpaka mashine zikachomwa moto. Mtu mwenye shamba lake la skimu asiliache ili akasimame katika foleni ya wale waliokosa kazi.

Kwa mwenye biashara au ufundi, Kericho ina wateja wengi zaidi kwa kuwa ni mji mkubwa wenye barabara kuu. Lakini kodi ya duka ni kubwa, na washindani ni wengi. Bomet ni mji unaojengwa. Fundi wa nyumba, muuza mbao, mwuza maziwa na mama wa hoteli ndogo huweza kupata nafasi mapema.

USIUZE SHAMBA ILI KUNUNUA MJI

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mtu hupewa fedha nyingi kwa siku moja, akaziona kama hazitakwisha. Hununua kiwanja kidogo mjini, hujenga nusu, fedha huisha, na shamba lina mwenyewe mwingine.

Kama baada ya kufikiri sana bado wataka kuuza hata kipande, yashike haya:

1. Tazama hati ni ya nani. Mashamba mengi ya skimu bado yameandikwa jina la babu aliyefariki. Hapana awezaye kuuza mali ya marehemu mpaka mahakama itoe idhini ya urithi.

2. Tazama kama deni la skimu limeondolewa. Mkopo uliolipwa hautoshi. Lazima upate karatasi ya kuonyesha kwamba deni limefutwa katika daftari la ardhi.

3. Mke na mume wakubali wote. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mmoja kuuza mali ya ndoa kwa siri.

4. Nenda mbele ya Bodi ya Ardhi. Kwa sheria ya mwaka 1967, mauzo ya shamba bila idhini ya Bodi ni bure, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu kupatana. Bodi ikiuliza jamaa yako, na waje, wakaseme mbele ya watu.

5. Usipokee fedha za mkono usiku, wala usitie sahihi karatasi usiyoisoma.

Kukodisha shamba kwa mwaka mmoja, kwa karatasi na mbele ya mashahidi, ni bora kuliko kuuza. Mji ukikushinda, utapata mahali pa kurudi.

JARIBU KWANZA

Mbegu mpya huipandi shamba zima. Hupanda mstari mmoja ukaona. Wakulima wa Bomet walijifunza jambo hili kwa uchungu mwaka 2011, ugonjwa wa mahindi wa kufisha ulipoonekana Longisa kwa mara ya kwanza katika Kenya. Aliyekuwa na mahindi peke yake alikosa chakula. Aliyekuwa na viazi, maziwa na chai alipita salama. Jamaa nayo isiwekwe yote katika chungu kimoja.

Kwa hiyo panga chumba kwa miezi mitatu, si nyumba kwa mwaka. Chagua miezi ya mvua, maana kila mji ni mzuri wakati wa jua. Nenda sokoni siku ya soko na uandike bei. Tembea na mtoto mpaka shuleni kwa miguu, upime saa. Uliza maji hukatika mara ngapi kwa wiki. Sikiliza usiku kama pana baa karibu. Kisha kaeni, wewe na mke wako na watoto wakubwa, kila mtu aseme aliyoyaona. Mama ndiye atakayechota maji na kupika huko, na neno lake lina uzito.

Wala usisahau kwamba iko njia ya tatu. Litein, Kaplong na Sotik ni miji midogo, lakini ina shule na maduka, na hospitali haziko mbali. Kodi ni ndogo, na shamba liko karibu. Wengine walikuwa wakibishana Kericho au Bomet, kumbe haja yao ilikuwa kilomita chache tu kutoka kwao.

NENO LA MWISHO

Kwa kifupi: kama shamba lako liko upande wa Sotik na wataka liendelee, Bomet au mji mdogo wa jirani utakufaa zaidi. Kama shamba liko upande wa Kipkelion au Londiani, au una ufundi unaohitaji wateja wengi, itazame Kericho. Kama hesabu haitoki kwa mji wowote, kaa ulipo, nunua ng'ombe mwingine, na fedha za kodi zilipe karo ya bweni.

Mzee aliyepewa shamba la skimu miaka 60 iliyopita alihama pia na jamaa yake, akiwa na sufuria na jembe. Lakini yeye alihama kwenda kwenye ardhi. Wewe unapohama kutoka kwenye ardhi, fikiri mara mbili kuliko yeye. Bwana Shamba, chifu na wazee wa kokwet wapo. Waulize. Kuuliza si ujinga, na mwenda pole hajikwai.